Mwenye Taa na Mshika Taa: Usiku wa Kale katika Unguja

Katika hesabu ya zamani ya watu wa pwani, siku haianzi usiku wa manane wala haianzi alfajiri. Huanza jua linapotua. Adhana ya magharibi ndiyo inayoifunga siku moja na kuifungua nyengine, na saa ya mwanzo ya siku mpya hupita wakati kuku wameshaingia bandani na taa ndiyo kwanza inatiwa utambi. Ndiyo maana mzee wa Unguja akikualika hitma usiku wa Ijumaa, nawe ukaenda Ijumaa yenyewe baada ya isha, utakuta majamvi yameshakunjwa. Hitma ilikuwa jana yake, usiku ambao magazeti ya leo yangeuita Alkhamisi usiku.

Hili si suala la maneno matupu. Mwenye kufasiri barua na tenzi za kale bila ya kulijua huzipeleka arusi, vifo na safari za majahazi siku moja mbele, kisha kosa hilo likishapigwa chapa hunukuliwa na kunukuliwa tena. Lakini lina uzito mwengine unaonishughulisha zaidi. Kwa mtu aliyeishi ndani ya hesabu ile, usiku haukuwa mkia wa mchana uliokwisha. Ulikuwa ndio kichwa cha siku, nao ulikuwa na kazi zake, nyakati zake, mabwana wake na watumishi wake. Ilhali historia ya kisiwa chetu tuliyosomeshwa skuli ni historia ya mchana: soko, bandari, shamba, mikataba ya masultani na mabalozi. Ikiingia magharibi, watu wote wa historia hiyo hulala fofofo, mpaka kesho yake asubuhi mwandishi awaamshe tena.

Wataalamu wa mambo ya kale nao walichelewa kuliona hili. Mwaka 2018 kilitoka Marekani kitabu kiitwacho Archaeology of the Night, kilichohaririwa na Nancy Gonlin na April Nowell, ambamo wachimbaji wa pande mbalimbali za dunia walijiuliza swali jepesi la kustaajabisha: hawa watu tunaowachimbua, usiku walikuwa wakifanya nini? Ndani yake mna makala ya Smiti Nathan juu ya wakulima wa Oman na kazi zao za usiku. Wengi wetu visiwani tuna babu aliyetoka huko, na tumesikia khabari za falaji, ile mifereji ya maji inayogawiwa kwa zamu. Zamu za mchana hupimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na za usiku hupimwa kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota maalumu. Mkulima ambaye fungu lake la maji limeangukia katikati ya usiku hana budi kuijua nyota yake, kwani asipoamka, maji yatapita kwenda kwa jirani. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Mmarekani Roger Ekirch alikuwa ameshaandika juu ya usiku wa Ulaya ya zamani, akaonesha kwamba kabla ya viwanda na taa za barabarani watu wengi wa huko walilala mara mbili: usingizi wa kwanza, kisha kuamka kwa muda, kisha usingizi wa pili. Kitabu hicho kilipokewa kama ajabu. Mtu aliyelelewa katika nyumba ambayo mzee wake huinuka theluthi ya mwisho ya usiku kwa tahajudi, akarudi kitandani, akaamka tena jogoo akiwika, hataona cha ajabu kikubwa.

Tuanzie mbali, kwenye pango la Kuumbi karibu na Jambiani. Binadamu walikuwamo humo miaka takriban 20,000 iliyopita, wakati Unguja haijawa kisiwa bado, imeshikana na bara, na mtu aliweza kwenda huko kwa miguu. Mkaa wa mioto yao umekutwa ardhini. Ndani ya pango kama lile, ukisogea hatua chache kutoka mlangoni, mchana na usiku ni kitu kimoja, na anayeutunza moto ndiye anayeamua nani aone na nani asione. Sitaki kuwapa watu wale mawazo ambayo hawakutuachia. Ila moto wa usiku una sharti moja lisilobadilika tangu siku zile: lazima abaki mtu macho wa kuuchochea.

Tunapofika Unguja Ukuu, mji wa bandari uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, tunakutana na mifupa ya samaki kwa wingi, shanga, vigae vya vyombo vya Ghuba na China, na mabaki ya kazi ya chuma. Mifupa hiyo ya samaki ndiyo inayotupeleka usikuni. Mgiriki mmoja asiyejulikana jina, aliyeandika mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza, anakitaja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii, ambacho wengine husema ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia. Anasema wenyeji wake wana mashua za kushonwa, na huweka mitego ya kusuka kama matenga penye milango ya maji kati ya miamba. Miaka elfu mbili baadaye, mvuvi wa Chwaka au wa Nungwi akitia dema lake majini jioni hana haja ya kuelezwa maneno hayo. Mtego hufanya kazi mwenyewe amelala. Ni chombo kilichobuniwa na watu waliojua kwamba samaki wana saa zao za kutoka mwambani, na kwamba saa hizo si zetu.

Nyengine ni kazi ambazo usiku wenyewe huwaita watu. Bahari ya Unguja ina desturi ambayo kila mtu wa mwambao anaijua, ingawa sijaiona ikiandikwa na washairi wetu wa mjini. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama tu, maji hutoka mara mbili kwa siku, na aghalabu hufika mwisho wa kutoka mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu saa hizo husogea, tena hayatoki sana. Kwa hivyo usiku wa bamvua mwamba wote hubaki wazi, na wanaotoka na mienge ya makuti makavu hupata pweza, kaa, na samaki waliobaki vidimbwini. Mwezi mpevu ukiwa juu mbinguni, hata mwenge si lazima. Mwezi, maji na chakula vilikuwa hesabu moja, na hesabu hiyo waliijua kwa moyo wanawake wasiowahi kuishika saa ya mkononi.

Nchi kavu nayo ilikuwa na kesha zake. Upande wa mashariki na kusini wa kisiwa ardhi ni ya mawe, na wakulima wake tangu zamani walipanda mtama na mawele katika vijishimo vya udongo baina ya miamba. Mazao haya yalipokaribia kuiva, nguruwe mwitu walitoka vichakani usiku. Basi mtu hujenga dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti, akakaa juu yake akipiga mayowe na kugonga debe au gogo mpaka majogoo ya kwanza. Fikiria hesabu ya jasho hapo: mchana jembe, usiku dungu. Aliyekaa juu ya dungu alikuwa na mbingu nzima mbele yake, na nadhani ndipo elimu ya nyota ya wakulima ilipozidi kukolea. Kundi la kilimia walilitumia kama kalenda. Likipotea magharibi kwa mvua, walisema, litazuka mashariki kwa jua, na kinyume chake. Na kweli, kilimia huzama pamoja na jua mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei, masika ikiwa imepamba moto, kisha huonekana tena kabla ya alfajiri mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimeshapungua. Methali ile ni elimu ya watu waliokuwa macho saa ambazo sisi tumelala.

Mabaharia walikwenda mbali zaidi katika fani hiyo. Ahmad bin Majid, mwanamaji wa Kiarabu wa karne ya 15, aliitunga kwa beti elimu yake ya njia za bahari, na mojawapo ya tungo zake, al-Sufaliyya, yahusu safari ya pwani hii mpaka Sofala. Wapenzi wa ushairi wafurahi: ramani yao ilikuwa shairi la mizani ya rajazi, lililotungwa ili lihifadhiwe kichwani na mtu aliyesimama sitahani gizani, mahali ambapo karatasi haisomeki. Urefu wa nyota juu ya upeo wa macho waliupima kwa vidole, au kwa kibao chenye uzi wa mafundo. Nyota ya Kaskazini, waliyoiita Jahi, huzama kabisa ukivuka Ikweta, na Unguja iko takriban digrii 6 kusini. Kwa hivyo nahodha ajaye na kaskazi kutoka Oman au Hadhramauti alifika pahala akaipoteza nyota aliyoitegemea njia nzima, ikambidi ashike nyengine, zile Farkadani na nyota za Naashi. Kuingia katika maji yetu kulikuwa ni kubadilisha mbingu.

Sasa twende kwenye taa yenyewe.

Kabla ya mafuta ya taa kuja kutoka ng'ambo, mwanga wa ndani ulitoka kwenye nazi na ufuta. Kitaa cha udongo, utambi wa pamba, mafuta ya nazi. Mafuta hayo hayachimbwi wala hayanunuliwi kwa pipa. Nazi huangushwa, hufuliwa, huvunjwa, hukunwa, hukamuliwa tui, tui huchemshwa mpaka mafuta yaelee, na aliyeifanya kazi hiyo kuanzia kukuna hadi kuchemsha alikuwa mwanamke. Taa iliyowaka saa tatu usiku ilikuwa imeshatumia saa kadhaa za mchana wa mtu mwengine. Ndiyo sababu nyumba nyingi za shamba hazikuwasha taa kwa muda mrefu. Kazi za usiku za nyumba hizo zilikuwa za vidole: kusuka ukili, kusokota kamba za makumbi, kupukuchua. Macho hayakuhitajika, na mdomo ulikuwa huru. Ngano zetu zimetokea hapo. Aliyewahi kumsikiliza bibi akisema "Paukwa!" huku mikono yake ikiendelea kusuka, anajua kuwa hadithi ilikuwa ndiyo taa ya wasiokuwa na mafuta. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, alizikusanya hadithi za namna hii mjini na kuzitoa London mwaka 1870. Nazisoma kwa furaha, lakini ni hadithi zilizoandikwa kwa kalamu na karatasi, na mahali pa ile mikono iliyokuwa ikisuka pamebaki patupu.

Nyumba za mawe zilikuwa na khabari nyengine. Katika magofu ya pwani, kwa mfano Gede, kuta zina vidaka vya kuwekea taa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyoitunga takriban miaka mia mbili iliyopita akiyalilia majumba ya Pate, anazikumbuka taa za matajiri waliokwisha, jinsi zilivyoufanya usiku uwe kama mchana, na pengine anaufananisha uhai na taa iliyowekwa kwenye upepo. Tumeupenda utenzi huu vizazi na vizazi, na tunastahiki kuupenda. Ila jicho la mtunzi liko kwenye taa na kwa mwenye taa. Aliyekuwa akizunguka ukumbini kutia mafuta, kukata kichwa cha utambi na kufuta masizi hamo. Naye alikuwamo ndani ya ukumbi kila usiku.

Kwa Mji Mkongwe tuna shahidi aliyeishi upande wa wenye taa na akaandika. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anaeleza kuwa wanawake wa daraja yake hawakutoka mchana. Ziara zao zilikuwa za usiku, baada ya sala, na mbele yao walitangulia watumwa na kandili, ambazo ukubwa wake ulionesha cheo cha mwenye msafara. Zile kubwa kabisa anazifananisha na kanisa la Kirusi lenye kuba zake, mwanga ukipita katika vioo vyeupe na vya rangi. Ebu tuvute picha ya kichochoro cha Shangani katika miaka ya 1850: giza tupu, kisha kona inaanza kuwa nyekundu na kijani, kisha sauti za kuwataka watu wapishe, kisha msafara wenyewe. Kandili ile haikuwa ya kumulikia njia tu. Ilikuwa tangazo. Mwanamke aliyefichwa mchana kutwa alitangazwa usiku kwa ukubwa wa taa yake, na aliyekuwa akitokwa na jasho chini ya uzito wa tangazo hilo alikuwa mtu wa kununuliwa.

Salme huyo huyo anasimulia jinsi bibi alivyolazwa: mjakazi mmoja akimkanda viungo, mwengine akimpepea, mpaka usingizi umchukue. Anaandika kwa mapenzi, kama mtu anayekumbuka nyumba yao akiwa katika baridi ya ugenini, wala hafichi. Mimi husimama kwenye neno "mpaka". Usingizi wa mmoja ulipimwa kwa kukesha kwa mwengine. Yule mwenye upepo alilala saa ngapi? Hakuna kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin.

Giza, hata hivyo, halimtii bwana mmoja. Mwaka 1859 Barghash, alipokuwa akigombea kiti na nduguye Majid, alitolewa usiku katika nyumba yake iliyozingirwa akiwa amevaa mavazi ya kike, katikati ya dada zake, na walinzi hawakuthubutu kuwafunua wanawake. Salme alikuwa mmoja wa waliompangia. Miaka saba baadaye, mwezi wa Agosti 1866, Salme mwenyewe aliondoka usiku kwa kisingizio cha kwenda kuoga baharini siku ya Mwaka, akapanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer na kwenda zake. Msomaji wa leo anayeujua Mwaka Kogwa wa Makunduchi kuwa ni wa Julai atashangaa kusikia Agosti. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili na hauongezi siku ya nne kwa nne, kwa hivyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja, na kwa miaka mia na zaidi hutimia kama mwezi mzima.

Wengine waliopitishwa gizani hawakuwa na kisingizio wala khiyari. Mkataba wa Juni 1873 ulipolifunga soko la watumwa na kuharamisha kusafirishwa kwao baharini, biashara ile haikufa papo hapo. Ilihamia usiku. Manowari London ilitia nanga bandarini kwa miaka kadhaa, na mashua zake zikawa zinavizia majahazi, nayo majahazi yakajifunza kuzipenda siku za giza na vijighuba vya kaskazini. Kule Mangapwani bado kipo chumba kilichochongwa ndani ya jiwe, chenye paa karibu sawa na ardhi, ambacho wenyeji husema kilitumika kuwafichia watu wakisubiri kupakiwa. Aliyeingia ndani ya chumba hicho mchana wa jua kali na kukaa dakika tano atakuwa amejifunza kitu juu ya neno "usiku" ambacho kamusi haina.

Na mashambani, utumwa ulikuwa na saa zake za ziada. Mikarafuu iliyoletwa mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuja na kazi ambayo haikwishi magharibi. Karafuu huchumwa mchana zikiwa katika vishada, na jioni hazina budi kuchambuliwa makonyo, kwani kesho zinatakiwa juani. Wakati wa mavuno kuchambua huendelea usiku, watu wameizunguka taa moja, viganja vinanuka, macho mazito. Baada ya utumwa kufutwa kwa sheria mwaka 1897, kazi hiyo hiyo ilifanywa na wachumaji wa kulipwa na na wenye mashamba madogo pamoja na watoto wao, na nyimbo za kuchambulia zikapata wenyewe wapya. Usiku wa karafuu una harufu, na sijui kama kuna harufu nyengine katika kisiwa hiki iliyogharimu watu usingizi mwingi zaidi.

Msichana mmoja aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, wazee wake wakiwa watu waliotoka utumwani, alipewa jina Mtumwa. Alikulia katika kazi ya vyungu, akivitembeza mjini mchana kuviuza, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyojulikana mwanzo. Alihamia mjini mnamo 1911, akajifunza kuimba na watu wa taarabu, na dunia ikamjua kwa jina Siti binti Saad. Taarabu ilikuwa imeingia kwa mlango wa jumba la Barghash, kwa vyombo vya Misri na maneno ya Kiarabu, na mwaka 1905 kilikwishaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Siti aliuleta usiku huo wa taarabu ng'ambo ya mji, kwa Kiswahili. Nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika baada ya isha, wachukuzi, wapishi na mayaya waliokwisha kuwalaza watoto wa mabwana zao, wakasikiliza mambo yao wenyewe yakiimbwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti katika sahani za santuri, na baada ya kufariki kwake mwaka 1950 Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mengi yamesemwa juu ya sauti ile. Mimi naongeza hili tu: kwa mara ya mwanzo katika khabari za mji huu, mtu wa ukoo wa washika taa ndiye aliyekaa mahali ambapo taa inamulika, na wenye taa walitoka majumbani mwao kwenda kumsikiliza.

Umeme ulifika mapema kwetu, na ulifika kama zile kandili za Salme, kwa kujionesha. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ndilo jumba la kwanza mjini kuwa na taa za umeme, na mbele yake palisimama mnara wa taa wa Barghash uliomulika bandari. Mnara huo uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika hata saa moja. Jumba lenyewe lilidumu mpaka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu yake kubwa ilipoporomoka na kuua watu wawili. Vijiji vilingoja karibu karne nzima. Waya wa chini ya bahari kutoka bara uliunganishwa mwaka 1980, na Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki ambacho Mnorway Tanja Winther alikiandikia kitabu mwaka 2008, kilipata umeme mnamo 1990. Waya huo ulipoharibika mwezi wa Mei 2008, kisiwa kizima kilikaa gizani karibu mwezi mmoja, na tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa tena miezi mitatu. Mjini kelele za jenereta zilitukosesha usingizi, na kwa wasiokuwa na jenereta vibatari vilirudi mezani. Usiku mmoja barazani kijana wa jirani aliniuliza ule mchirizi mweupe juu ya mapaa ni moshi wa nini. Ilikuwa ni njia ya maziwa ya nyota, na alikuwa na miaka kumi na sita.

Lakini baharini mambo ni mengine. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, ukisimama Forodhani na kutazama upande wa visiwa vidogo utaona mstari wa taa kwenye upeo wa macho, kama mtaa mwengine uliojengwa juu ya maji. Ni mashua za dagaa. Zamani mwenge, kisha karabai, na sasa taa za LED za betri. Jambo lenyewe ni moja, samaki huja kwenye mwanga akazungushiwa wavu. Mwezi ukikua, taa hizo hupungua, kisha hupotea kwa siku kadhaa, kwani mwanga wa mbinguni huzishinda. Kabla ya alfajiri mashua hurejea, na kule Mangapwani, si mbali na kile chumba cha mawe, wanawake wamekwisha kufika ufukweni. Wameteka maji ya bahari, wamepanga kuni na kuinjika masufuria makubwa. Dagaa watachemshwa, kisha wataanikwa jua likitoka, na wengi wao watasafirishwa mpaka Kongo. Saa hiyo ni kama saa kumi ya usiku. Kwa hesabu ya zamani, siku inakaribia katikati yake, nao wameshaanza kuchochea moto.